Safari Ipi Imeachwa? Video za Mafunzo, Muziki wa Vijana na Hewa Ukaa

Barua sita zilizoletwa kwenye ukurasa huu zinahusu jambo moja: iwapo video za mafunzo zinazopatikana mtandaoni zinaweza kupunguza hewa ukaa inayotokana na kuwafundisha vijana muziki. Nimezifupisha kidogo, nimeacha majina ya waandishi, na nimezipanga ili jibu la barua moja lisaidie kuielewa inayofuata.

Kutoka kwa mratibu wa mpango wa muziki

*Ndugu Mhariri, ninaratibu mpango wenye vijana 24 wanaojifunza fidla, gitaa na klarineti. Kila mmoja huletwa na mzazi kwa gari mara moja kwa wiki, kwa wiki 36 za mwaka, na kwa wastani nyumba zao ziko kilomita 12 kutoka tunapofundishia. Kamati imeamua kwamba mwaka ujao tutumie video za mafunzo ili kupunguza kaboni, na tayari kuna mjumbe anayetaka tutangaze kwamba tumepunguza kwa nusu. Je, hesabu hiyo inasimama?*

Ndugu Mratibu, inaweza kusimama, ila kwa namna ulivyoieleza bado haina miguu. Video yenyewe haizuii hata gramu moja kutoka kwenye bomba la moshi. Kinachopunguza hewa ukaa ni safari ambayo ingefanyika na sasa haifanyiki. Kwa hiyo, kabla kamati haijajadili itumie video gani, na ijibu kwanza swali dogo: ni safari ipi, ya nani na ya siku gani itakayoachwa?

Tufanye hesabu kwa takwimu zako. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa (ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7), hivyo gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 hutoa gramu 184 kwa kila kilomita. Mzazi anayemshusha mtoto, akarudi nyumbani, kisha akaja kumchukua, anaipita njia ileile mara nne, yaani kilomita 48, na kutoa karibu kilo 8.8 kwa somo moja. Zidisha kwa vijana 24 na kwa wiki 36, utapata takriban tani 7.6 kwa mwaka. Saa moja ya kutazama video, kwa upande wake, hukadiriwa kuwa gramu 55, na asili ya takwimu hiyo nitaieleza katika jibu linalofuata. Vijana wote 24 wakitazama saa moja kila wiki kwa mwaka mzima, jumla haifiki kilo 48. Pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba hata kama makadirio ya video yamekosewa mara tatu au nne, uamuzi haubadiliki.

Mjumbe wenu anaweza kuteleza mahali pengine. Ikiwa vijana wataendelea kuja kila wiki na video ikawa nyongeza ya kujifunzia nyumbani, mtakuwa mmeongeza hizo kilo 48 na hamkupunguza chochote, hata kama muziki wenyewe utakuwa umenufaika. Mkikutana ana kwa ana wiki moja na kutumia video wiki inayofuata, hapo ndipo nusu ya safari zinaachwa na mnaokoa takriban tani 3.8. Lakini lipo jambo ambalo nadhani halikufika mezani kwa kamati: mzazi akibaki na kusubiri badala ya kurudi nyumbani, kilomita 48 zinakuwa 24, na mnaokoa tani 3.8 zilezile bila kutazama video hata moja. Watoto watatu wanaokaa jirani wakipanda gari moja, punguzo linaweza kukaribia theluthi mbili. Siyasemi haya ili kuidharau video. Nayasema kwa sababu mpango unaoanzia kwenye skrini, kabla ya kuuliza nani anasubiri na nani anaweza kupanda gari la nani, umeruka hatua iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Wala msiwapunguzie vijana wote masomo ya ana kwa ana kwa kipimo kimoja kwa jina la usawa. Kijana anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli hana hewa ukaa ya kuokoa, na kumnyima somo lake ili takwimu zipendeze ni hasara tupu. Aliye mbali na anayeletwa kwa gari peke yake ndiye wa kuanza naye. Katikati yuko mzazi ambaye angepita njia hiyo hata hivyo akielekea kazini. Safari yake haisababishwi na somo lenu, na mkiihesabu kama akiba mtakuwa mmejipa sifa isiyo yenu.

Kabla ya kubadilisha chochote, andikeni kwenye daftari kwa wiki nne jinsi kila kijana alivyofika, kwa chombo gani, umbali gani, na aliyemleta alisubiri au aliondoka. Baada ya mabadiliko, andikeni tena wiki nne. Mkitaka kutangaza jambo, tangazeni idadi ya kilomita zilizoachwa, kwa kuwa hizo zinaweza kuhakikiwa na mtu yeyote, ilhali asilimia bila daftari ni maneno tu.

Kutoka kwa mzazi mwenye shaka

*Mhariri, salamu. Nilisoma kwamba kutazama video kwa nusu saa kunachafua hewa sawa na kuendesha gari zaidi ya kilomita 6. Ikiwa ni kweli, mbona tunawahimiza watoto wajifunze kwa video?*

Ndugu Mzazi, uliyosoma yaliwahi kuenea kweli, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2019 taasisi ya Ufaransa iitwayo The Shift Project ilinukuliwa ikisema kwamba nusu saa ya video hutoa kilo 1.6 za hewa ukaa. Mwaka uliofuata taasisi hiyo ilisahihisha, kwa kuwa biti na baiti zilikuwa zimechanganywa katika hesabu, na kwa sababu baiti moja ina biti 8, takwimu ilikuwa imekuzwa mara nane. Kama kawaida, kosa lilisambaa kwa kasi na masahihisho yakaja nyuma yakichechemea.

Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nishati lilichapisha uchambuzi uliokadiria gramu 36 kwa saa moja ya video, na mwaka 2021 Carbon Trust, taasisi ya Uingereza inayoshughulikia hewa ukaa, ilikadiria wastani wa gramu 55 kwa nchi za Ulaya. Hiyo ndiyo takwimu niliyotumia hapo juu, nikichagua kwa makusudi iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Inalingana na kuendesha lile gari letu dogo kwa mita 300 hivi.

La kuvutia zaidi ni mgawanyo wa gramu hizo. Zaidi ya nusu yake, kwa mujibu wa Carbon Trust, hutokana na umeme wa kifaa cha kutazamia, wala si wa kompyuta kubwa zinazohifadhi video. Runinga ya inchi 50 hutumia umeme takriban mara 100 ya simu na mara tano ya kompyuta mpakato. Njia ya intaneti nayo ina uzito wake: Wakala wa Mazingira wa Ujerumani ulionyesha mwaka 2020 kwamba, ukihesabu kituo cha data na mtandao peke yake, saa moja ya video ya ubora wa juu hutoa gramu 2 kupitia faiba, gramu 4 kupitia nyaya za shaba, gramu 13 kupitia mtandao wa simu wa 4G, na gramu 90 kupitia 3G. Halafu kuna chanzo cha umeme wenyewe, kwa kuwa saa ileile iliyotazamwa Norwei, ambako umeme mwingi hutoka kwenye maporomoko ya maji, haiwezi kulingana na iliyotazamwa Poland, ambako makaa ya mawe bado yana nafasi kubwa.

Kwa hiyo mtoto anayejifunzia kwenye simu au kompyuta mpakato, kwa intaneti ya waya ya nyumbani, yuko mbali sana na takwimu iliyokutia hofu.

Kutoka kwa mwalimu wa fidla

*Mwalimu mwenzangu, ninafundisha fidla kwa vijana wa miaka 8 hadi 15. Nimekubali kwamba kila mwezi masomo mawili kati ya manne yawe ya video, ili nisisafiri. Naogopa kitu kimoja: je, ni mambo gani yanaweza kwenda kwenye video bila kumharibu mwanafunzi, na yapi hayawezi?*

Mwalimu, hofu yako ndiyo inayotofautisha mpango mzuri na mbaya, na nitaijibu kwa urefu kwa sababu wanaopigia debe video kwa ajili ya mazingira mara nyingi hawajawahi kushika mkono wa mtoto unaokakamaa juu ya upinde.

Video huonyesha vizuri kila jambo linalohitaji kurudiwa. Mpangilio wa vidole kwenye skeli (ngazi ya noti), maana ya alama za noti, namna ya kubadilisha uzi uliokatika, mdundo unaoyumba mahali pamoja: haya yote mtoto anaweza kuyaangalia mara kumi, akapunguza kasi ya uchezaji hadi nusu, akasimamisha pale pale anapokwama, bila kuona aibu kwamba anamchosha mwalimu. Na kusikiliza kuna nafasi ya pekee. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani aliyezaliwa mwaka 1898, alijenga njia yake ya ufundishaji juu ya mtoto kusikiliza rekodi za vipande kila siku kabla ya kuvipiga, huku mzazi akihudhuria masomo ili aweze kumsaidia nyumbani. Sauti iliyorekodiwa, basi, si mgeni katika malezi ya wanamuziki wadogo. Ilikuwepo tangu enzi za santuri.

Lakini video haikuoni. Haioni bega linalopanda, kidole gumba kilichojikunja, kidevu kinachobana fidla kama koleo, wala haisikii noti iliyo juu kidogo ya mahali pake. Kwa mwanafunzi wa miezi ya mwanzo hilo ni tatizo zito, kwa kuwa kosa la mkao likirudiwa kwa bidii linakuwa tabia, na tabia ya mkono huchukua muda mrefu kuivunja kuliko kuijenga, mbali na maumivu ya misuli na kano yanayoweza kufuata. Kwa maoni yangu, anayeanza abaki na masomo yake yote ya ana kwa ana angalau hadi mkono wa upinde utulie, hata kama nyumba yake ndiyo ya mbali kuliko zote. Okoa safari kwa wale waliokwisha kuwa na msingi.

Kwa hao wenye msingi, usiifanye video kuwa somo lililokatwa mkono, yaani wewe unazungumza nao wanatazama basi. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia wa Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi maelezo yao ili wanafunzi wayatazame nyumbani, na muda wa darasani ukabaki kwa ajili ya mazoezi na maswali. Utaratibu huo unatufaa sisi wa muziki kuliko hata wao: maelezo yaende nyumbani, na saa adimu ya kukutana itumike kupiga, kusahihishana na kupiga pamoja. Katika wiki ya video, mwanafunzi atazame kipande cha dakika tano hadi saba chenye jambo moja tu, afanye mazoezi kwa siku tatu, kisha akurekodie dakika moja na kukutumia, nawe umjibu kwa dakika moja ya kuonyesha. Dakika hizo mbili zina thamani kuliko saa nzima ya kutazama, kwa kuwa zinarudisha lile jicho ambalo video imelipoteza.

Tahadhari chache za kiufundi. Simu nyingi hurekebisha sauti zenyewe, zikipandisha iliyo ndogo na kushusha iliyo kubwa, kwa hiyo usimhukumu mwanafunzi kwa tofauti ya sauti ya chini na ya juu aliyoirekodi kwa simu. Mwombe aiweke simu mbele yake, upande wa mkono wa upinde, ili uone kama upinde unakwenda sambamba na daraja la nyuzi. Ikiwa video unayompa ilirekodiwa na mtu mwingine, kwanza isikilize noti yake ya La (A) na uilinganishe na kifaa cha kupimia, kwa kuwa kipimo kinachotambuliwa kimataifa ni hezi 440, lakini okestra nyingi hupanda kidogo, na rekodi za muziki wa kale mara nyingi hushuka sana. Mtoto atakayejaribu kuifuata rekodi isiyolingana na fidla yake atadhani masikio yake ndiyo mabovu.

Usijitwike kazi ya kurekodi kila kitu mwenyewe. Kwa mambo ya kawaida zipo video nzuri tayari, na kazi yako ni kuchagua moja na kusema “hii, kuanzia dakika ya pili hadi ya nne”. Kumwambia mtoto “tafuta mtandaoni” ni kumtupa sokoni usiku. Rekodi mwenyewe yale tu yanayomhusu mwanafunzi wako na kipande anachokipiga. Na zile dakika moja moja wanazokutumia zisiwekwe hadharani: watumiane nawe kwa njia ya faragha, wazazi wakijua na wakiwa wamekubali.

Kutoka kwa kiongozi wa okestra ya vijana

*Ndugu Mhariri, okestra yetu hukusanya vijana 40 kutoka sehemu za mbali kila Jumamosi. Tulijaribu kufanya mazoezi ya pamoja kwa simu ya video, tukaishia kwenye vurugu. Je, kuna programu bora, au tukate tamaa?*

Ndugu Kiongozi, hamkukosea kuchagua programu. Mlipambana na ucheleweshaji wa sauti. Wanamuziki wanaopiga pamoja huanza kuburutana sauti inapochelewa zaidi ya milisekunde 25 au 30 hivi, ambao ndio muda sauti inaochukua kuvuka mita 10 hewani, na kila aliyewahi kuketi pembezoni mwa okestra kubwa anajua jinsi ngoma za upande wa pili zinavyofika zikiwa zimechoka. Simu za video za kawaida mara nyingi huzidi milisekunde 100. Kila mmoja humsubiri mwenzake, na mwendo wa kipande huzidi kudidimia hadi kusimama.

Umbali si mkosaji mkuu. Nuru ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 5 tu. Muda mwingi humezwa na kamera, ubanaji wa data, intaneti isiyo ya waya na akiba ya sauti inayowekwa ili mazungumzo yasikatike. Ndiyo maana zipo programu zinazoacha picha kabisa na kutuma sauti peke yake, kama JackTrip iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, na Jamulus ambayo hutolewa bure. Zinahitaji intaneti ya waya, vipokea sauti vya masikioni na uvumilivu. Kwa watu wanne walio karibu kiasi zinafaa sana, lakini kwa vijana 40 wenye vifaa vya kila aina nisingeanza nazo.

Ningefanya hivi: kila kundi la ala lipewe video ya sehemu yake, ikipigwa na kiongozi wa kundi hilo kwa mwendo wa polepole na kisha kwa mwendo kamili, mapigo ya kuhesabia mwendo yakisikika kwenye sikio moja. Vijana wajifunze noti nyumbani kwa kupiga juu ya rekodi hiyo. Jumamosi nne ziwe mbili, kila moja ndefu zaidi, na asiwepo anayekuja kujifunza noti, kwa kuwa noti wameshazijua. Jumamosi ya mazoezi ambamo wapiga tarumbeta 6 wanaketi saa nzima wakisubiri fidla za pili zielekezwe vidole ni petroli iliyochomwa bure, na kwa muziki pia ni hasara.

Msizifute zote, hata hivyo. José Antonio Abreu alipoanzisha El Sistema, mpango wa okestra za watoto na vijana, nchini Venezuela mwaka 1975, alikusudia mtoto akue ndani ya kundi, akisikilizana na jirani yake kila siku, na hilo halipiti kwenye waya. Kwaya pepe aliyoiunganisha mtunzi wa muziki wa Marekani, Eric Whitacre, mwaka 2010, yenye sauti 185 kutoka nchi 12, ilikuwa ya kupendeza sana, lakini kila mwimbaji aliimba peke yake chumbani, na wahariri ndio waliowaunganisha. Hakuna hata mmoja aliyemsikia mwenzake akivuta pumzi.

Na tahadhari moja kwa wanaopanga makubwa. Mwaka 2009 kulikuwa na YouTube Symphony Orchestra, ambayo wapigaji wake walichaguliwa kwa video walizorekodi wenyewe, kutoka nchi zaidi ya 30. Usaili ulifanyika bila mtu kupanda ndege, jambo jema. Kisha waliochaguliwa, zaidi ya 90, wakasafirishwa hadi New York kupiga kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, na miaka miwili baadaye kundi jingine likapelekwa Sydney. Safari moja ya ndege ya kuvuka Atlantiki, kwenda na kurudi, hutoa takriban nusu tani hadi tani nzima kwa abiria. Siwalaumu, maana tamasha lilikuwa kubwa na vijana wengi walipata nafasi ambayo wasingeiota. Lakini ukipanga ziara, usiiandike akiba ya usaili kwa wino mzito na safari ya tamasha kwa penseli.

Kutoka kwa kijana wa miaka 16

*Shikamoo Mhariri. Nimejifunza gitaa kwa video peke yake kwa miezi minane, kwa sababu hakuna mwalimu karibu. Simu yangu ni ya zamani na kioo kina ufa. Nikinunua kishikwambi kipya ili nione vidole vizuri, nitakuwa nimeharibu yote niliyookoa? Na je, nitazame kwa ubora wa chini?*

Marahaba, mwanangu. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya kifaa kidogo kama simu hutoka kiwandani, kabla hujakiwasha hata mara moja. Kwa kompyuta mpakato mpya kiasi hicho kinaweza kuzidi kilo 200, na kwa kishikwambi ni makumi ya kilo. Kilo 80, kwa mfano, ni sawa na kutazama video kwa zaidi ya saa 1,400. Kwa hiyo badilisha kioo, au tafuta kifaa kilichotumika ambacho bado ni kizima. Ikiwa tatizo ni kuona vidole, tafuta video iliyopigwa kutoka juu ya bega la mpigaji, ambapo mkono wake unaelekea kama wako, badala ya ile anayokutazama uso kwa uso na kila kitu kikawa kinyume.

Ubora wa chini hausaidii sana ukiwa kwenye intaneti ya waya, kwa kuwa mitambo ya mtandao hutumia karibu umeme uleule iwe data ni nyingi au kidogo. Kwenye mtandao wa simu una maana zaidi. Kinachosaidia kweli ni kupakua, pale unaporuhusiwa, video unayoirudia kila siku, badala ya kuivuta upya mara 30. Ukishaujua wimbo kwa macho, hamia kwenye sauti peke yake: saa moja ya sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ni megabaiti 58 tu, ilhali video ya kawaida hufika mamia. Zima pia ule uchezaji unaojiendesha, ambao humtoa mtu kwenye somo la gitaa na kumfikisha kwenye paka wanaocheza kinanda.

Lakini usijitese kwa gramu hizi. Wewe tayari huendi popote kwa gari. Ninachokiogopa kwako ni kiwiko na kifundo cha mkono baada ya miezi minane bila mtu wa kukutazama. Mara mbili kwa mwaka mtafute mpigaji mzoefu, hata kama ni safari ya kilomita mia, umwonyeshe jinsi unavyoketi na unavyobana nyuzi. Hiyo ni safari ya kufanywa.

Kutoka kwa mzazi wa mtahiniwa

*Mhariri, binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa gredi wa klarineti. Kituo kiko mbali. Nasikia sasa mtihani unaweza kufanywa kwa video. Je, ni kweli, na je, ni halali sawa?*

Ndiyo. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889 na ambayo mitihani yake hufanywa katika nchi zaidi ya 90, ilianzisha mwaka 2020 gredi za utendaji zinazosahihishwa kutokana na rekodi. Mtahiniwa hupiga vipande vinne mfululizo katika rekodi moja isiyokatwa, na haulizwi maswali ya skeli wala ya kusoma noti papo kwa papo. Ni gredi inayotambuliwa, ila haipimi mambo yaleyale na mtihani wa ana kwa ana, kwa hiyo zungumza na mwalimu wake kuhusu ule unaomfaa.

Akiba ya safari hapa ni ya pande mbili, yenu na ya mtahini. Hupotea mkianza kusafiri kwenda studio ya mbali ili rekodi ing'are, au kumfuata mpiga piano wa kusindikiza katika mji mwingine. Chumba cha nyumbani chenye mazulia na mapazia kinatosha. Wekeni simu mita mbili au tatu mbele yake, mrekodi kipande kimoja cha majaribio siku iliyotangulia, na msikilize kama sauti za juu za klarineti zinapasuka. Zikipasuka, sogezeni simu nyuma.